Chini ya Jiwe Kuna Nini? Mafunzo Niliyopata Katika Ardhi ya Volkano

Hakuna mlima wa moto ndani ya jiji la Nairobi, lakini karibu kila jengo la jiji hilo limekaa juu ya kazi ya volkano. Kwa mamilioni ya miaka zaha, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa moto, ilitoka upande wa Bonde la Ufa ikatambaa kuelekea mashariki, ikafunika ardhi ya kale, ikafunikwa na majivu, majivu yakafunikwa na zaha nyingine. Nakuru na Naivasha ni hivyo hivyo. Arusha imekaa miguuni pa Meru, Moshi miguuni pa Kilimanjaro, Tukuyu juu ya ardhi ya Rungwe, na Goma iko chini ya Nyiragongo ambayo ingali hai. Mamilioni yetu tunaishi juu ya mawe yaliyowahi kuwa moto.

Kazi yangu ni jiolojia ya uhandisi: kuchunguza ardhi kabla ya ghorofa, barabara au bwawa kujengwa juu yake. Nimeifanya zaidi Nairobi na kwenye kingo za Bonde la Ufa. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Ukigonga jiwe, endelea kuchimba

Mwenye ploti akisikia mtambo umegonga kitu kigumu mita tatu au nne chini, hufurahi. Kwake kazi imekwisha. Mama mmoja aliyekuwa akijenga nyumba za kupangisha upande wa magharibi wa jiji aliniuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza kwa kuwa kila mita ilikuwa pesa yake: "Injinia, si mmeshafika kwa jiwe? Mbona mashine bado inanguruma?"

Nikamwambia, "Mama, tumefika kwenye jiwe la kwanza. Hatujajua limekalia nini."

Koa, yaani ule mche wa jiwe unaotoka ndani ya bomba la kuchimbia, hupangwa kwenye sanduku la mbao kwa kufuata kina. Siku ile sanduku lilianza vizuri: fonolaiti, jiwe la zaha, ya kijivu, nzito, isiyo na doa la kuoza, ambayo ukiigonga kwa nyundo hutoa mlio mkali. Baada ya mita mbili na kitu mlio ukakatika. Kilichofuata kilikuwa udongo wa mfinyanzi wa kahawia, laini kiasi cha kuacha alama ya kidole gumba, wenye vijiwe vilivyoviringwa na maji ya mto. Pale ulipogusana na jiwe, udongo huo ulikuwa mwekundu kwa kuokwa. Hiyo ilikuwa ardhi ya kale. Palikuwa na bonde dogo na kijito chake, zaha ikaja ikalifunika, ikachoma ngozi ya juu ya udongo na kuacha uliobaki kama ulivyokuwa. Chini ya udongo likaja jiwe tena.

Nyumba ya ghorofa moja ingekaa juu ya lile bamba la kwanza bila shida. Jengo alilokusudia yule mama lilikuwa refu zaidi, na uzito wa nguzo zake ungepenya bamba na kuufikia udongo ule. Msingi ulibadilishwa ukiwa bado kwenye karatasi, mahali ambapo kubadilisha ni bei nafuu.

Ofisi nyingi zina desturi ya kusimamisha uchimbaji baada ya mita 3 za mwamba mzima. Kwenye miamba ya itale, kama ile ya Mwanza, desturi hiyo mara nyingi inatosha, kwa maana itale ikishaanza huendelea chini kwa kina kirefu. Kwenye ardhi ya volkano haitoshi. Bamba la zaha laweza kuwa na unene wa mita 2 au mita 40, na kutoka juu huwezi kujua lipi ni lipi. Kina cha kuchimba kiamuliwe na upana wa msingi na uzito wa jengo. Kugonga kitu kigumu si sababu ya kuzima mtambo.

2. Zaha moja ina tabia tatu

Zaha hupoa kama uji ulioachwa kwenye bakuli: juu hufanya utando, chini hugandia mahali pa baridi, katikati hubaki na moto kwa muda mrefu. Ule utando wa juu huvunjika zaha inapoendelea kutembea, ukawa vifusi vyenye ncha na matundu ya mapovu ya gesi. Baadhi ya vifusi huburutwa mbele, vikaangukia chini ya zaha na kukanyagwa nayo. Kwa hiyo zaha moja hukupa vifusi juu, jiwe zito katikati, na vifusi tena chini. Anayeandika kwenye ripoti yake "fonolaiti, mita 3 hadi 15" bila kutenganisha sehemu hizi hajamsaidia mhandisi.

Lile jiwe zuri la katikati nalo lina lake. Likipoa husinyaa, na katika kusinyaa hupasuka kwa nyufa za wima zinazoligawa kuwa nguzo. Sisi hupima ubora wa mwamba kwa kujumlisha vipande vya koa vyenye urefu wa sentimita 10 na zaidi, kisha kuilinganisha jumla hiyo na urefu wote uliochimbwa. Ni kipimo kizuri, lakini kisima cha uchunguzi cha wima kinaweza kupita katikati ya nguzo moja ya zaha kuanzia juu hadi chini bila kugusa ufa hata mmoja. Matokeo yatasoma asilimia 100, na ufa uko hatua moja pembeni. Ndiyo sababu mahali penye zaha ya nguzo naomba angalau kisima kimoja kichimbwe kwa mshazari. Wenye mitambo hulalamika kwamba kuuinamisha mtambo ni kupoteza nusu siku. Nusu siku hiyo hukuonyesha nyufa zilipo, zina upana gani na zimejaa nini.

3. Rangi ya udongo husomwa kabla ya kitu chochote

Magharibi mwa Nairobi, kuanzia Westlands kupanda Kikuyu na Kiambu, udongo ni mwekundu. Ukiteremka Embakasi, Syokimau na Athi River, ni mweusi. Udongo wa aina zote mbili umezaliwa na mawe ya volkano, ila palipo na mteremko maji yaliondoka na chuma kikabaki kikaupa udongo wekundu, na kwenye tambarare maji yalituama yakazaa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi.

Juu ya udongo mweusi ushauri wangu ni mfupi: utoeni wote mpaka kwenye mwamba, jazeni mawe na murramu iliyoshindiliwa kwa tabaka, na maji ya paa yapelekwe mbali na ukuta. Nimeona kuta zilizopasuka kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha kwa sababu tu bomba la maji ya mvua lilimwaga kando ya msingi upande mmoja, udongo wa upande huo ukavimba na wa pili ukabaki mkavu.

4. Udongo mwekundu usikaushwe kabla ya kuuelewa

Somo hili lina historia inayostahili kujulikana na kila mwanafunzi wa uhandisi wa Afrika Mashariki. Bwawa la Sasumua, kwenye miteremko ya Nyandarua, lilikamilika katika miaka ya 1950 ili kuipa Nairobi maji. Udongo wa kulijengea ulikuwa pale pale, mfinyanzi mwekundu uliotokana na kuoza kwa mawe ya volkano. Ukiusoma kwenye karatasi ya maabara ulikuwa udongo wa kukataliwa, kwa sababu chembe zake zilikuwa laini mno na maji yake mengi mno. Lakini ulipopimwa nguvu, ulikuwa imara kupita matarajio. Mwaka 1958 Karl Terzaghi, ambaye wahandisi wengi humwita baba wa elimu ya makanika ya udongo, alichapisha makala juu ya bwawa hilo akaeleza sababu. Madini ya halloisiti ndani ya udongo huo hushikamana kwa vishada vigumu vyenye maji ndani yake. Maji yale huongeza namba ya kipimo bila kuulainisha udongo, kwa sababu yamefungwa ndani ya vishada na hayalainishi mahali ambapo kishada kimoja husuguana na kingine.

Funzo kwa anayefanya kazi leo ni hili. Maabara ya kawaida huweka sampuli kwenye oveni ya nyuzi 105. Ukiuweka udongo wa halloisiti humo, madini yenyewe hubadilika na hayarudi yalivyokuwa hata ukiyaloweka tena. Unakuwa umepima udongo ambao haupo kwenye kiwanja chako. Huwaandikia watu wa maabara kwa herufi kubwa juu ya mfuko: pimeni ukiwa na unyevu wake wa asili, na mkilazimika kukausha msivuke nyuzi 50. Vivyo hivyo kazini, roli nzito ikipita mara nyingi mno juu ya udongo huu huvunja vile vishada, na ulioanza ukiwa mgumu huanza kunesa chini ya magurudumu. Msimamizi asiyejua hili huagiza roli ipite tena, na kila inapopita hali huwa mbaya zaidi.

Udongo huu huu husimama wima kwenye kingo za barabara za Murang'a kwa miaka, ukamfanya mtu aamini kwamba hautaanguka. Unasimama kwa kuwa maji hayajauingia. Kinachouangusha masika ni mtaro ulioziba juu ya mteremko, au shamba lililolimwa mpaka ukingoni. Mtaro wa juu ukizibuliwa kila mwaka kabla ya mvua, nyumba iliyo chini ya ukingo ina nafasi ya kubaki.

5. Jiwe la kujengea lilowekwe usiku kucha

Mawe mengi ya kuta za Nairobi ni tufu, yaani majivu ya volkano yaliyogandamana, mengine yakiwa bado na moto, mpaka yakawa jiwe. Machimbo ya Ndarugu karibu na Juja yamelisha mji huu kwa miaka mingi. Mashine hulikata tufu kwa msumeno kama mbao, na fundi hulichonga kwa patasi akaliweka sawa. Ni jiwe jepesi, halihitaji kuchomwa kama tofali, na likichaguliwa vizuri hudumu. Nalipenda na kulitetea mbele ya wale wanaodhani saruji pekee ndiyo ya kisasa.

Lakini machimbo mamoja huwa na matabaka mengi. Tabaka moja laweza kubeba megapasikali 20, na lile lililo chini yake lisifike 5, na macho hayaoni tofauti jiwe likiwa kavu. Mzee mmoja wa machimbo alinionyesha njia yake, ambayo baadaye niliithibitisha maabara na kukuta ni ya kuaminika kwa uchaguzi wa awali. Alichukua mawe mawili ya rangi moja akayagonga: moja lilitoa mlio, la pili likajibu kwa sauti ya kufa. Akayatumbukiza kwenye pipa la maji, akaniambia, "Kijana, rudi kesho." Asubuhi jiwe la kwanza lilikuwa limelowa tu. La pili kingo zake zilikuwa laini, na alipolisugua kwa kidole likatoa tope. Jiwe hilo lilikuwa na mfinyanzi ndani. Mfinyanzi ukinywa maji huachia.

Tangu hapo hupima nguvu ya tufu mara mbili, likiwa kavu na likiwa limelowa, na ninachomwandikia mhandisi ni namba ya pili. Ukuta wa msingi hauishi kavu.

6. Maji hupita ndani ya jiwe gumu kuliko unavyodhani

Mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu haifanyi mito. Huzama kwenye zaha changa na majivu yenye matundu, husafiri chini kwa chini, kisha hutokeza kwenye chemchemi za Mzima ndani ya Tsavo Magharibi, na kutoka hapo bomba huyapeleka mengine mpaka Mombasa. Mkazi wa Mombasa anayekunywa maji ya Mzima anakunywa mvua iliyopita ndani ya volkano. Kwenye vilima hivyo hivyo kuna mapango marefu ambayo yalikuwa njia za zaha: ngozi ya juu iliganda, moto wa ndani ukaendelea kutiririka mpaka ukaisha, ukaacha handaki. Suswa nako yapo. Anayejenga juu ya zaha changa ana wajibu wa kuuliza kama chini yake kuna pango, na kwa hilo visima vichache havitoshi. Mimi hutumia pia vipimo vya umeme wa ardhini, vinavyoonyesha mahali penye uwazi.

Kwa upande wa mabwawa, mfano ambao haunitoki akilini ni wa Marekani. Bwawa la Teton, jimboni Idaho, lilijengwa kwenye korongo la tufu ngumu ya raiolaiti iliyojaa nyufa wazi. Kiini cha bwawa kilikuwa udongo laini wa kupeperushwa na upepo, ambao humomonyoka upesi sana. Tarehe 5 Juni 1976, likiwa linajazwa kwa mara ya kwanza, maji yalipita kwenye mwamba wa upande wa kulia, yakauchota ule udongo kidogo kidogo kupitia nyufa, na kabla ya saa sita mchana bwawa la mita 93 likabomoka. Watu 11 walikufa.

Tufu ile haikuvunjika. Jiwe lilikuwa na nguvu ya kutosha kabisa. Kilichokosekana ni kinga mahali ambapo udongo laini uligusana na nyufa wazi: nyufa kuzibwa kwa saruji kwenye uso wote, na chujio la mchanga la kuzuia chembe zisitoroke na maji. Ninapokagua bwawa dogo la shamba huko Laikipia au Nakuru, ambalo kimo chake hakifiki hata sehemu ndogo ya lile, bado naanza kwa swali hilo moja: udongo wenu unagusana wapi na nyufa za mwamba, na katikati yake mmeweka nini?

7. Majivu ni ardhi ya mkopo

Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi karibu na Mai Mahiu ilifunguka na kukata barabara ya kwenda Narok. Picha zilizunguka dunia nzima zikisema Afrika inagawanyika mbele ya macho yetu. Ni kweli kwamba Bonde la Ufa linatanuka, lakini kwa milimita chache tu kwa mwaka, na mwendo huo haufungui korongo kwa wiki moja. Wanajiolojia wengi walieleza sababu iliyo karibu zaidi, nami nakubaliana nao. Chini kulikuwa na ufa wa zamani uliojaa majivu ya volkano yasiyoshikamana, maji ya mvua yakapata njia ya kuyabeba, na dari ikaanguka.

Majivu na pumisi ya Longonot, Suswa na Menengai hudanganya yakiwa makavu. Husimama wima kwenye shimo, hubeba ukuta, hata lori. Yakilowa, chembe zilizokuwa zimeegemeana huteleza na ardhi hushuka ghafla bila kuongezewa uzito. Baadhi ya mitaa ya Nakuru inajua habari hii vizuri, kwa kuwa mashimo hufunguka huko misimu ya mvua. Katika sehemu kama hizo hupima sampuli kwa kuibana kwanza kavu na kisha kuimwagia maji ikiwa bado imebanwa, nione inashuka kiasi gani. Kisha huuliza habari ya maji taka: choo cha shimo kinachovuja na bomba lililopasuka huangusha nyumba nyingi kuliko tetemeko.

8. Kuna mawe yanayokufa hewani

Hili ni fupi lakini zito. Mradi wa maji wa nyanda za juu za Lesotho, wenye bwawa la Katse, ulichimba mahandaki marefu ndani ya basalti. Sehemu za basalti hiyo zilikuwa ngumu siku ya kuchimbwa, kisha zikaanza kupasuka na kumeguka baada ya kukaa hewani, kwa sababu ya madini yanayovimba yaliyojificha ndani ya jiwe. Handaki lililofikiriwa lingeweza kuachwa na kuta zake za mwamba likabidi livishwe zege.

Kwa hiyo hata kokoto za barabara zinazotokana na basalti zisipitishwe kwa kipimo cha nguvu peke yake. Zitumbukizwe kwenye glaikoli kwa wiki kadhaa. Zile zenye mfinyanzi wa kuvimba zitapasuka zenyewe ndani ya chupa, na bei ya kipimo hiki ni ndogo mno ikilinganishwa na barabara itakayoharibika katika mwaka wake wa pili.

9. Kokoto za volkano zinaweza kugombana na saruji, na majivu yakapatanisha

Zaha iliyopoa haraka huwa na kioo ndani yake, na matundu yake hujaa silika ya aina ya opali. Kioo hicho na silika hiyo zikikutana na alkali za saruji kwenye unyevu hufanya ute unaovimba polepole. Zege hupasuka kwa nyufa za mtandao, si mwaka wa kwanza wala wa pili, bali baada ya miaka, wakati mkandarasi amekwishalipwa na kuondoka. Kuna kipimo cha haraka ambacho miche midogo ya saruji na mchanga wa jiwe husika huwekwa kwenye maji ya sodiamu hidroksidi yenye nyuzi 80 kwa siku 14. Mche ukirefuka chini ya asilimia 0.1, jiwe kwa kawaida hukubaliwa. Kwa daraja au bwawa, kipimo hiki nakihesabu kuwa cha lazima.

Ninachokistaajabia ni kwamba dawa hutoka kwenye volkano hiyo hiyo. Majivu yale yakisagwa laini na kuchanganywa na saruji hula alkali mapema, kabla hazijafika kwenye kokoto. Warumi walitumia majivu ya Pozzuoli kwenye majengo yao ya baharini, na viwanda vyetu vya Athi River na Mbeya hutumia majivu ya volkano zetu kwenye saruji ya kawaida inayouzwa dukani. Fundi anayedharau saruji ya posolana, yaani iliyochanganywa na majivu hayo, kwa kuwa haikauki haraka ajue kwamba kwa kokoto za nchi hii mara nyingi ndiyo inayofaa, mradi aimwagilie maji siku za kutosha.

10. Palipo na volkano hai, jenga kwa kuijua

Nyiragongo ililipuka mwaka 1977, ikalipuka tena Januari 2002 zaha ikapita katikati ya Goma na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege, kisha tena Mei 2021. Zaha yake ina silika kidogo sana, kwa hiyo hukimbia kama maji, na tahadhari yake haiwezi kuwa ya saa nyingi. Baada ya 2002 watu walirudi wakajenga juu ya zaha ile ile. Sitawalaumu, kazi, soko na ndugu viko pale. Wamevunja zaha kwa nyundo, wamesawazisha viwanja kwa vifusi vyake na kujenga kuta kwa mawe yake. Choo cha shimo hakichimbiki kwa urahisi, na maji machafu hupenya vifusi yakaenda ziwani.

Hatari isiyoonekana ni hewa. Gesi ya kaboni dioksidi hutoka ardhini na kulala mabondeni na mashimoni kwa kuwa ni nzito, na watu wa Goma huiita mazuku. Huua mtu na mbuzi bila harufu wala rangi. Popote ninapochimba karibu na volkano hai, kifaa cha kupima gesi hushushwa shimoni kabla ya mtu, kila asubuhi, hata kama jana palikuwa salama.

11. Ripoti ya ardhi isifungiwe kabatini

Ramani ya jiolojia ya eneo la Nairobi iliyochapishwa na serikali, inayoambatana na ripoti ya Saggerson ya mwaka 1991, ni kazi kubwa, nami huifungua kila ninapoanza mradi. Kipimo chake ni 1:125,000. Milimita moja kwenye karatasi ni mita 125 ardhini, kwa hiyo unene wa mstari wa kalamu unaweza kumeza ploti nzima pamoja na za majirani. Bonde lile la kale nililolikuta chini ya ploti ya yule mama halimo kwenye ramani, wala halingeweza kuwamo.

Limo kwenye visima. Kwa miaka mingi Nairobi imetobolewa visima vya uchunguzi kila mtaa, kwa ajili ya ghorofa, barabara za juu na mabomba. Kila kimoja kilieleza chini kuna nini, na taarifa nyingi zimelala kwenye kabati za ofisi na kompyuta zilizokufa. Jirani anapojenga huanza upya gizani, analipia kisima kilichochimbwa tayari mita 30 kutoka kwake, au, kibaya zaidi, hachimbi kabisa.

Kama una jengo na una ripoti ya udongo wake, toa nakala moja umpe jirani anayekaribia kujenga, na nyingine ipeleke kwenye ofisi ya ujenzi ya kaunti yako ukiomba ihifadhiwe pamoja na namba ya ploti. Kama unasimamia ofisi hiyo, usikubali ramani ya jengo isiyo na visima vilivyopita jiwe la kwanza. Na kama wewe ndiye unayekaribia kujenga, usiwalipe wachimbaji mpaka uone sanduku la koa kwa macho yako na kuonyeshwa, mita kwa mita, jiwe linaishia wapi na chini yake kuna nini.